Nani Hupima Vazi la Mtoto Jukwaani?

Leo tunaliangalia jambo ambalo wazazi wengi Waswahili waishio ughaibuni hukutana nalo pindi watoto wao wanapojiunga na darasa la dansi. Mtoto anarudi nyumbani na karatasi ya mashindano, na katika karatasi hiyo yameorodheshwa maleba, yaani mavazi ya jukwaani: sketi fupi, vipodozi, nywele za bandia, na bei yake. Mzazi hujiuliza iwapo vazi lile linamfaa binti wa miaka 8, na iwapo miondoko aliyofundishwa inalingana na umri wake. Wengi hunyamaza, wakidhani kuwa swali hilo ni la mgeni asiyezifahamu desturi za wenyeji.

Historia inatuonyesha vinginevyo. Wenyeji wenyewe wamelibishania swali hilo kwa zaidi ya miaka 100, na jibu limetegemea kwa kiasi kikubwa jambo moja: kama yupo mwenye mamlaka ya kuandika kanuni na kuisimamia.

Tuanzie London, katika karne ya 19. Kila msimu wa Krismasi majumba ya michezo ya kuigiza yaliajiri watoto wengi kucheza dansi, baadhi yao wakiwa wadogo mno. Mwaka 1879 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakinga watoto walio chini ya miaka 14 dhidi ya maonyesho ya hatari, kama vile sarakasi za kuning'inia hewani. Miaka 10 baadaye, mwaka 1889, sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto iliwapiga marufuku walio chini ya miaka 7 kuajiriwa jukwaani, na wale wa miaka 7 hadi 10 wakahitaji kibali. Mwanaharakati Millicent Fawcett alitaka marufuku iwe kali zaidi. Kwa upande wa pili alisimama mwandishi Lewis Carroll, aliyetunga kisa cha Alice, akiyatetea majukwaa kwamba watoto waliyafurahia na familia zao zilipata riziki.

Sheria hizo ziliweka msingi ambao Uingereza ingali inaufuata. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1963, kibali cha mtoto kutumbuiza hutolewa na serikali ya mtaa, baada ya kujiridhisha kuwa afya yake, malezi yake na masomo yake havitadhurika. Lakini sheria hupima saa za kazi na usalama wa mwili; haipimi urefu wa sketi wala rangi ya midomo. Hapo pameachwa pengo, na mashindano ya dansi yalipokua, pengo hilo lilibidi lizibwe na wenye mashindano wenyewe.

Mfano ulio wazi ni wa Ireland. Chama cha kufufua lugha na utamaduni wa Kiayalandi, Conradh na Gaeilge, kilichoundwa mwaka 1893, kiliifanya ngoma ya asili kuwa sehemu ya mapambano ya kuitetea nchi. Mwaka 1930 ikaundwa tume ya kusimamia ngoma hiyo, An Coimisiún le Rincí Gaelacha, na mwaka 1970 tume hiyo ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia mjini Dublin. Hapo awali watoto walicheza wakiwa wamevaa nguo zao nzuri za Jumapili. Baadaye yakaja majoho madogo yaliyobanwa begani kwa bizimu, kisha magauni yaliyotariziwa nakshi za miswada ya kale.

Ni vyema tukumbuke kwamba ngoma hii haina kukata kiuno hata kidogo. Mchezaji husimama wima, mikono imenyooka ubavuni, miguu ndiyo inayosema. Hata hivyo, kadiri mashindano yalivyoongezeka, hasa baada ya onyesho la Riverdance kuushangaza ulimwengu mwaka 1994, mavazi yalibadilika. Magauni yakawa magumu kama ubao na yenye vimetameta. Nywele za bandia zenye mawimbi zikachukua nafasi ya nywele zilizofungwa usiku kucha ili zijikunje. Vipodozi na rangi ya kuifanya ngozi ionekane imepigwa jua vikawafikia hata watoto wadogo. Gauni moja liliweza kumgharimu mzazi zaidi ya pauni 1,000.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Jaji huwatazama watoto wengi kwa siku moja, na kila mwalimu anataka wa kwake aonekane. Mtoto mmoja akija aking'aa, wa pili hulazimika kung'aa zaidi, na mzazi anayekataa huhofia kuwa ndiye anayemwangusha mwanawe. Katika mbio za namna hiyo, hakuna anayeweza kusimama peke yake. Ni lazima wote wasimamishwe kwa pamoja.

Tume ile ikafanya hivyo. Ilipiga marufuku vipodozi kwa watoto wa madaraja ya chini hadi kundi la walio chini ya miaka 10. Miondoko nayo ikapangiwa umri: kusimama na kutembea juu ya ncha za viatu vigumu hakuruhusiwi kwa walio katika kundi la chini ya miaka 12, kwa kuwa mifupa ya miguu yao ingali inakua. Amri hizo hazikumvunjia heshima mzazi yeyote wala kumwita mwalimu yeyote mkosefu. Ziliwaondolea wote mzigo wa kushindana katika jambo lisilokuwa ngoma.

Njia hiyo hiyo ilifuatwa na shirikisho la dunia la dansi za ukumbini, zikiwemo waltz na rumba, ambalo tangu mwaka 2011 linaitwa World DanceSport Federation. Katika mashindano yake, watoto wa kundi la chini kabisa huvaa mavazi ya kawaida: mvulana suruali nyeusi na shati jeupe, msichana sketi na blauzi zisizo na mapambo ya kung'aa, bila vipodozi, na viatu vya kisigino kifupi. Rumba ni ngoma ya mahaba, lakini mtoto anayeicheza hupimwa kwa mdundo, mkao na usahihi wa hatua.

Marekani hali ilikuwa tofauti. Huko mashindano ya dansi ya watoto yaliendeshwa na makampuni binafsi, kila moja likiwa na kanuni zake, na shule isiyoridhika na kampuni moja ingeweza kuhamia nyingine. Mwaka 2007 chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo kilitoa ripoti iliyoonya juu ya madhara ya kuwavisha na kuwaonyesha wasichana wadogo kama watu wazima. Mwezi Mei mwaka 2010, video ya mashindano yaliyofanyika California ilienea katika intaneti, ikiwaonyesha wasichana wa umri wa miaka kama 8 na 9 wakicheza wimbo wa Beyoncé, wakiwa na vivazi vifupi na miondoko ya kikubwa. Mwaka 2012 kituo cha televisheni cha Lifetime kiliondoa kipindi kimoja cha mfululizo wa Dance Moms, ambamo watoto walivalishwa maleba ya rangi ya ngozi ili waonekane kana kwamba hawana nguo.

Wazazi wa wasichana wa California walijitetea. Walisema ngoma ile ilitayarishwa kwa ajili ya watu wa dansi, waliokuwa ukumbini kutazama ufundi, na haikukusudiwa kutazamwa na ulimwengu mzima. Utetezi huo ulidhihakiwa na wengi, lakini umebeba ukweli mmoja ambao sisi watu wa pwani tunaufahamu vizuri.

Katika mila zetu, kukata kiuno hakujawahi kuwa aibu kwenyewe. Kule Unguja, marehemu Bi Kidude, aliyefariki dunia mwezi Aprili 2013, aliheshimiwa kwa taarab na vilevile kwa kuwa mwalimu wa unyago. Ngoma hiyo ina miondoko ya kiuno iliyo wazi kabisa, lakini ina wakati wake, mahali pake na watu wake: huchezewa mwari aliyekwisha kuvunja ungo, kati ya wanawake, wanaume wakiwa mbali. Mipaka hiyo mitatu ndiyo iliyoipa ngoma heshima yake. Binti wa miaka 8 hakualikwa, na hakuna aliyeona kwamba ananyimwa haki.

Kamera imeuvunja ukuta wa ukumbi. Mzazi anayemkubalia mwanawe kupanda jukwaani leo hajui tena ni nani atakayemtazama kesho. Baadhi ya waandaaji wameanza kuzuia upigaji wa video ukumbini, na baadhi ya makampuni ya Marekani sasa huwaruhusu majaji kupunguza alama kwa vazi au miondoko isiyolingana na umri. Hizo ni hatua za maana, ingawa hazijawa kanuni moja kwa wote.

Kwa hiyo, msikilizaji, karatasi ile ya mashindano itakapofika mezani kwako, huna haja ya kuona haya kuuliza. Uliza kanuni za umri zimeandikwa wapi, nani anazisimamia, na video za watoto zinakwenda wapi. Palipo na kanuni, utajibiwa kwa dakika moja. Pasipo na kanuni, swali lako huenda likawa mwanzo wa kuandikwa kwake, kwani hata zile za London na Dublin zilianza kwa watu waliothubutu kuuliza.