Kennedy na Hatch: wapinzani wawili waliowatafutia watoto bima ya afya

Mwaka 1997, nchini Marekani, watoto karibu milioni 10 hawakuwa na bima ya afya, ile ambayo huku kwetu tunaiita mutuelle. Wengi wao wazazi wao walikuwa wanafanya kazi. Baba anaendesha lori, mama anafagia hotelini, mshahara unaingia. Lakini ulikuwa mkubwa mno kwa Medicaid, yaani msaada wa matibabu ambao serikali inawapa maskini, na mdogo mno kwa kununua bima. Wahami wanaokaa kwa jamaa wanaijua hali hiyo bila kuelezwa: kwenye orodha ya msaada unaambiwa wewe una pa kulala, na kwenye kituo cha afya unaombwa pesa kama mtu mwenye kazi.

Waliowashughulikia watoto hao ni maseneta wawili ambao hakuna aliyetegemea kuwaona pamoja. Edward Kennedy, wengi walimwita Ted, alikuwa wa chama cha Democratic, aliyechaguliwa Massachusetts tangu 1962, mdogo wake Rais John Kennedy. Mwaka 1973 mtoto wake wa kiume mwenye miaka 12 alikatwa mguu kwa sababu ya kansa ya mfupa. Kennedy alisimulia mara nyingi habari za wazazi wengine aliowakuta hospitalini, waliokuwa wakihesabu watauza nini ili mtoto aendelee na dawa. Yeye alikuwa tajiri, hakuhesabu.

Orrin Hatch wa Utah, mtu wa chama cha Republican, aliingia Seneti mwaka 1977, na mwenyewe alisema alikwenda Washington kupambana na Kennedy. Alikuwa Mmormoni: sigara hagusi, pombe hagusi. Hata hivyo mwaka 1990 walikuwa wameshirikiana katika sheria ya kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI, iliyopewa jina la Ryan White, kijana wa Indiana aliyeambukizwa kwa dawa iliyotengenezwa na damu na kukataliwa shuleni. Alikufa Aprili mwaka huo akiwa na miaka 18. Sheria ikasainiwa Agosti.

Mpango wao wa 1997 ulikuwa huu: kila pakiti ya sigara iongezewe kodi ya senti 43. Kwa miaka mitano zingepatikana dola bilioni 30; bilioni 20 ziende kwa bima ya watoto, bilioni 10 zipunguze pengo la bajeti ya serikali. Hizo bilioni 10 zilikuwa sharti la Hatch, pamoja na kwamba kila jimbo lisimamie bima kwa njia yake. Kennedy, ambaye maisha yake yote alitaka bima moja ya taifa kwa kila mtu, alikubali.

Mwezi wa Mei Seneti ilikataa, kura 55 dhidi ya 45. Hata Rais Clinton, wa chama cha Kennedy, aliwaomba maseneta wasiunge mkono, akiogopa kuvunja makubaliano ya bajeti aliyofanya na Republican. Kushindwa na adui si ajabu. Kushindwa na mtu wa nyumbani ndiko kunakouma. Lakini wawili hao walirudi tena, na tarehe 5 Agosti 1997 Clinton huyohuyo alisaini sheria yenye dola bilioni 24 kwa miaka mitano. Kodi ya sigara ilishuka kutoka senti 43 hadi 15, tena kwa hatua mbili, 2000 na 2002. Kwa maoni yangu, ni wenye viwanda vya tumbaku waliocheka hapo, lakini watoto walipata bima.

Urafiki huo ulikuwa na mipaka. Sheria ya 1996 iliwafanya wahamiaji wengi wangoje miaka mitano kabla ya kupata misaada hiyo. Februari 2009 majimbo yaliruhusiwa kuondoa muda huo kwa watoto, na Hatch akapiga kura ya kukataa. Kennedy alikuwa tayari mgonjwa wa kansa ya ubongo. Alikufa tarehe 25 Agosti 2009, na Hatch alikuwa kati ya waliomkumbuka hadharani kabla ya mazishi.

Wakimbizi hawakuwa chini ya ngojo hilo la miaka mitano. Sheria ya Wakimbizi ya 1980, ambayo familia nyingi za Wakongo zimetoka nayo Nyarugusu na Nakivale kwenda Marekani, ilisukumwa na Kennedy huyohuyo. Seneti iliipitisha 1979 kwa kura 85 bila hata moja ya kupinga. Kwa sababu ya sharti la Hatch, bima ile ya watoto haina jina moja. Ndugu zetu walio Iowa wanaiita Hawki, walio Georgia wanaiita PeachCare, na anayehama jimbo anaanza kuuliza upya.