MACKINDER ALIPANDA NA NANI?

Ndugu zangu, kuna vijana wenzangu wanne, wawili wa hapa kwetu Ipililo na wawili wa Mwanza, wanapanga safari ya Nanyuki, kule Kenya, kwenda kupanda miamba ya Mlima Kenya. Si kutembea na fimbo kama watalii wa kawaida. Hawa wanataka kujifunga kamba na kuukwea mwamba wenyewe. Mawe tunayajua jamani. Mtoto wa Kisukuma aliyechunga ng'ombe ameyakwea mawe makubwa ya huku kwetu tangu akiwa na kaptula moja, tena pekupeku.

Walinionyesha orodha yao. Kamba, viatu, kofia ngumu, nauli, ada ya hifadhi, akiba ya dharura. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, wameandika: "mizigo, vibarua 3". Mstari huo ndio ulionifanya nijichimbie kwenye vitabu.

Maana historia ya kuupanda mlima ule inaanzia kwenye mizigo. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikuja Afrika Mashariki akiwa na haraka. Mjerumani Hans Meyer alikwishafika kilele cha Kilimanjaro miaka kumi nyuma, na ilisemekana sasa anaukodolea macho Mlima Kenya. Reli ndiyo kwanza ilikuwa imefika Nairobi. Kutoka hapo msafara ulikwenda kwa miguu: Wazungu 6, Waswahili 66, Wamasai 2 wa kuonyesha njia, na Wakikuyu 96. Piga hesabu mwenyewe. Watu 164 kwa ajili ya sita, na katika hao sita waliofika kileleni Batian, mita 5,199, saa sita mchana ya Septemba 13, 1899, ni watatu tu: Mackinder na wataalamu wake wawili wa milima kutoka Italia, César Ollier na Joseph Brocherel.

Hayo yamo kwenye kila kitabu cha mlima ule. Yasiyosemwa sana ni ya chakula.

Mpango ulitegemea kununua chakula njiani. Lakini mwaka ule nchi ya Wakikuyu ilikuwa kwenye njaa kubwa. Mvua zilikuwa zimekosekana, sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe miaka michache kabla, na ndui nayo ikapita humo humo. Sasa unafika na tumbo 170 kwa watu wanaozika watoto wao, unataka wakuuzie mtama! Walikataa, na nani angekubali? Watu wa msafara waliotumwa kutafuta chakula walishambuliwa, na Waswahili wawili wakauawa. Ikabidi msaada ukaombwe Naivasha.

Halafu kuna wanane. Kwenye karatasi za msafara ule ipo orodha ya wapagazi, na mbele ya wanane kati yao imeandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Mackinder alifariki mwaka 1947 bila kuchapisha kitabu cha safari yake. Kilitoka 1991, kikihaririwa na Michael Barbour, na ndipo mambo ya hao wanane yakaanza kujadiliwa hadharani. Wanahistoria wanabishana nani alitoa amri na kwa kosa gani. Mimi ninachokiona ni kwamba mtu aliondoka pwani kubeba mzigo kwa mshahara, na mwisho wake ni maneno mawili matatu pembeni mwa jina lake. Mackinder yeye aliendelea vizuri tu. Aliongoza chuo cha uchumi cha London kuanzia 1903 hadi 1908, akawa mbunge, na mpaka leo wanafunzi wa siasa za dunia wanasomeshwa nadharia zake.

Na msidhani "Waswahili" hapo ni watu wa Mombasa na Unguja peke yao. Jina hilo lilimbeba kila aliyeajiriwa pwani, na karne nzima ya 19 pwani ilijaa watu wa bara. Babu zetu, Wanyamwezi na Wasukuma, ndio waliokuwa wakisifika kuliko wote kwa kazi hiyo. Mtu alibeba ratili 60 hadi 70, yaani karibu kilo 30, kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo, miezi na miezi. Kwa hiyo mtu wa Ipililo anapoandika "vibarua 3" kwa kalamu nyingine, nacheka kidogo, lakini cheko lenyewe linanikwama.

Huyo Meyer, pamoja na ubabe wake wote wa kikoloni, katika hili alipanga vizuri zaidi. Mwaka 1889 aliweka kambi juu Kilimanjaro na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka Marangu kuleta chakula, hivyo akishindwa leo anajaribu tena keshokutwa. Oktoba 6 yeye na Ludwig Purtscheller wakafika. Kwenye kambi ya juu, katika baridi ile, alikaa nao mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani. Tunamjua kwa sababu Meyer aliandika jina lake kitabuni.

Jamaa zangu wakasema basi watabeba wenyewe. Inawezekana, ila gharama yake iko. Januari 1943 mateka watatu wa Kiitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Waingereza hapo hapo Nanyuki ili tu waupande mlima. Walikuwa wameficha chakula kidogo kidogo kwa miezi, wakatengeneza zana kwa vyuma chakavu na kamba kwa katani ya vitanda vyao. Batian iliwashinda. Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini wakiwa hoi kwa njaa, wakafungiwa.

Kwa hiyo nimewashauri wachukue wapagazi, mzigo usizidi kilo 20 kama inavyotakiwa Kilimanjaro, na mstari ule uhamie juu ya kamba: malipo, chakula, mavazi ya baridi na majina kamili. Wamekubali majina na chakula. Kwenye malipo bado tunavutana.

Ukifungua ramani ya Mlima Kenya utakuta Bonde la Mackinder. Utakuta Hausburg, mwenzake aliyeongoza naye msafara. Utakuta barafu ya César na barafu ya Joseph, zilizopewa majina ya wale wataalamu wawili wa kuajiriwa. Vilele vyenyewe vimepewa majina ya viongozi wa Kimasai. Wa wale 66 waliotoka pwani sijaona hata mmoja. Barafu nazo zimekuwa zikiyeyuka mwaka hadi mwaka.