Mbano wa neva: jina la maumivu ya nyuma ya jicho la mguu

Nyuma ya jicho la mguu, upande wa ndani, pana ujia mwembamba. Sakafu yake ni mifupa ya kifundo. Paa lake ni ukanda mgumu wa tishu unaotoka kwenye jicho la mguu hadi kisiginoni. Humo hupita kano tatu zinazokunja wayo na vidole, ateri pamoja na vena zake, na neva ya muundi, ambayo ndiyo inayoupa wayo karibu hisia zake zote. Ni vitu vya aina nne, kila kimoja na kazi yake. Gando, kaskazini-magharibi mwa Pemba, kama kwingineko pwani, vyote hivyo huweza kuitwa kwa jina moja: mshipa.

Mvuvi aliyesukuma dau peku matopeni, au mchuma karafuu aliyeshinda juu ya mkarafuu, akirudi jioni wayo unamwaka moto na vidole vimekufa ganzi, husema mshipa umemkaza. Hasemi vibaya. Mshipa ni neno pana na la zamani, hata ngiri na busha limewahi kuyabeba. Taabu huanza pale tiba inapolifuata jina. Msuli uliokaza huchuliwa ukalegea, na kiungo kilichokakamaa hukandwa kwa maji ya moto kikapata nafuu. Lakini neva iliyobanwa ikichuliwa kwa nguvu palepale inapobanwa, huzidi kuudhika, na ganzi ikaongezeka. Mafuta ya makonyo ya karafuu, yale yanayotolewa kiwandani Wawi, Chake Chake, yana eugenoli, kemikali inayotia ganzi ngozi. Ndiyo maana mtu hupata faraja ya saa mbili tatu, kisha maumivu yakarudi usiku. Mafuta yamenyamazisha ngozi, nao ujia umebaki na wembamba wake.

Kwa hiyo istilahi tunayoitaka lazima ifanye kazi mbili: itaje neva kwa jina lake, na iseme kimeipata nini. Neno neva tunalo, vijana wa skuli hulisoma katika biolojia, na sioni haja ya kulikwepa. Mshipa wa fahamu ni tafsiri nzuri ya kumwelezea mzee, ila mazungumzo yakirefuka maneno mawili ya mwisho huanguka, tukabaki na mshipa ule ule.

Kilichoipata neva ndicho kigumu kidogo kukitaja. Wapo wanaosema mkandamizo wa neva. Maana yake ni sahihi, lakini neno hilo huleta picha ya uzito unaoshuka kutoka juu, na masikioni mwa mgonjwa linakaribia mno kukanda, jambo ambalo hatutaki alifanye. Mbinyo nao ni wa vidole: mtu hubinya akaachia. Mimi nachagua mbano. Kitu hubanwa kwa sababu nafasi ni finyu, kama watu wawili wenye vikapu wanaokutana kichochoroni, na anayesikia kwamba neva imebanwa huuliza mwenyewe swali linalofaa: nafasi itapatikanaje?

Tena mbano uwe na mahali pake. Mwaka 1962 Charles Keck na Simon Lam, kila mmoja peke yake, walipoueleza ugonjwa huu katika majarida ya tiba, waliupa jina la ujia wenyewe. Nasi tuseme mbano wa neva kifundoni, kwa kuwa ganzi ya mguu haisemi ilikotoka. Neva ikibanwa kiunoni, maumivu hushuka pajani hadi wayoni. Ikibanwa upande wa nje chini ya goti, wayo huning'inia na vidole huburuzika ardhini. Ule mbano wa kati ya kidole cha tatu na cha nne, unaomfanya mtu ahisi amekanyaga kokoto ndani ya kiatu, umebeba jina la Thomas Morton wa Philadelphia aliyeuandika mwaka 1876. Ugonjwa wa sukari hauhitaji mbano wowote: ganzi yake huanza vidoleni, na aghalabu hushika miguu yote miwili. Kisha kuna ukoma, ambao hupenda kuivamia neva hiyo hiyo ya muundi nyuma ya jicho la mguu. Ganzi ya wayo ikiandamana na baka la ngozi lisilohisi, mtu aende kituo cha afya bila kuona haya. Dawa za ukoma hutolewa bure.

Mtaalamu wa fiziotherapia huutafuta mbano kwa mikono yake. Hugongagonga nyuma ya jicho la mguu kwa ncha ya kidole. Mchomo ukiruka hadi wayoni, hiyo ni alama aliyoieleza Mfaransa Jules Tinel mwaka 1915. Au huuinua wayo, akaugeuzia nje, akavikunja vidole juu, akaushikilia hivyo sekunde 5 hadi 10. Mkao huo huunyima ujia nafasi na kuivuta neva.

Katika matibabu, kitenzi ni kutelezesha. Wengi hudhani zoezi ni kunyoosha tu, na neva iliyobanwa haipendi kuvutwa ncha zote mbili. Mgonjwa huketi kitini, hunyoosha goti na kuinua vidole huku akitazama juu, kisha hukunja goti na kushusha wayo huku akiinamisha kichwa. Upande mmoja unapoivuta neva, wa pili unailegeza, nayo hupita ujiani bila kukazwa. Juu ya hilo huja mazoezi ya kuinuka kwa ncha za vidole ili kano inayoshika upinde wa wayo ipate nguvu, kitegemeo cha kiatuni kwa mwenye wayo bapa, na kupunguza kwa muda kazi iliyoleta maumivu. Ndara iliyolika upande wa ndani itupwe. Nafuu haiji kwa siku tatu: uzi wa neva ulioharibika hukua upya kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku, na kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole gumba ni safari ndefu. Ikiwa kinachobana ni uvimbe uliomo ndani ya ujia, mazoezi hayatauondoa, na hapo hufaa daktari wa upasuaji.

Fiziotherapia yenyewe wengi huiita tiba ya viungo. Kwa goti na bega jina hilo linatosha, ingawa Zanzibar viungo ni iliki na mdalasini pia. Kwa neva halifiki, maana neva si kiungo. Utengamao, neno linalotumika sasa katika huduma za afya Tanzania, ni zuri sana, ila ni pana: linahesabu na miguu ya bandia na mafunzo ya kuzungumza baada ya kiharusi. Basi fiziotherapia ibaki kwa tiba hii, na utengamao uwe jina la nyumba nzima.

Mtu wa Gando anayekwenda Hospitali ya Wete hahitaji kuzikariri istilahi hizi. Aonyeshe kwa kidole ganzi inapoanzia na inapoishia, aseme ni mguu mmoja au yote miwili, na kazi gani huizidisha. Kuandika mbano wa neva kifundoni katika cheti, badala ya maumivu ya mguu, ni kazi ya anayempokea.