Kulaki Mgeni: Istilahi ya Ofisi ya Makongamano

Sahibu yangu mmoja wa Unguja, mtu mwenye kutimiza ahadi, aliniletea habari kuwa atavuka kwa boti ya asubuhi kuja kunizuru hapa Kongowe, nami, kwa kudhani kuwa jina la mahali ni dira tosha kwa mtu mzima mwenye ulimi wa kuuliza njia, nilibaki barazani nikimngoja kwa kahawa na kashata. Ilhali yeye, alipofika Dar es Salaam na kuona daladala yenye jina la Kongowe usoni, aliipanda kwa moyo mkunjufu, ikampeleka Kongowe ya Mbagala, katika barabara ya Kilwa, wakati mimi niko Kongowe ya Kibaha, katika barabara ya Morogoro. Aliwasili baada ya magharibi, viatu vimejaa vumbi, na baada ya salamu hakunena ila neno moja: "Ndugu yangu, ungalitoka ukanilaki."

Neno hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifungulia maana ya istilahi ambayo kwa muda mrefu nilikuwa nikiiona ikitafsiriwa bila ya kuridhika nayo. Kumpokea mgeni ni kumtwalia mzigo anapofika mlangoni. Kumkaribisha ni kumwambia apite na aketi. Bali kumlaki ni kutoka nje ya nyumba, na pengine nje ya mji, kumwendea aliko kabla hajafika, ili asipotee njia wala asishikwe na mwenyeji mwingine. Miji mikubwa ya ulimwengu ina ofisi iliyowekwa kwa kazi hiyo ya tatu, nayo Waingereza na Wamarekani huiita byuro ya konvensheni na wageni.

Asili yake ni mji wa Detroit, Marekani, mwezi wa Februari mwaka 1896, pale mwandishi wa gazeti la Detroit Journal, Milton Carmichael, alipowakumbusha wenzake kwamba watu wa mbali walikuwa wakija kufanya mikutano yao ya mwaka katika mji ule kwa hiari yao wenyewe, bila ya wenyeji kuwafanyia juhudi yoyote wala kuwaangalia baada ya kufika, akauliza mji ungepata mikutano mingapi lau ungejitahidi kuitafuta. Wafanyabiashara wakamsikiliza, wakaunda umoja wao, na mtindo ule ukaenea katika miji mingine. Dhahiri ni kwamba Carmichael alikuwa akiwalaumu watu wa Detroit kwa kosa lile lile nililolifanya mimi barazani kwangu.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Konvensheni katika Kiingereza hubeba maana tatu, yaani mkataba wa mataifa, desturi iliyokubaliwa na watu, na mkusanyiko mkubwa wa watu wa jambo moja. Na nimepata kuona karatasi ya mwaliko ambamo mfasiri alishika maana ya kwanza, hata ikasomeka kwamba mji unatafuta wageni wa mikataba. Kiswahili kina kongamano, jina lililozaliwa na kitenzi kukongamana, ambacho kinaonyesha wingi wa watu waliosongamana pamoja, nalo lafaa, maadamu tukumbuke kuwa siku hizi hutumika hata kwa hotuba za saa mbili katika ukumbi wa chuo. ICCA, jumuiya ya kimataifa ya wenye kazi hii iliyoanzishwa mwaka 1963, haihesabu mkutano katika daftari zake ila uwe na watu wasiopungua 50, urudiwe kwa vipindi, na uzunguke katika nchi zisizopungua 3. Katika kuzunguka huko ndimo ilimo riziki ya ofisi, kwa kuwa mkutano usio na makao hutafuta mwenyeji kila mara.

Ama neno mgeni, sioni sababu ya kulibadilisha kwa mtalii. Mtalii ni neno zuri mno kwa asili yake, kwani kutalii kwatoka katika Kiarabu kwa maana ya kutazama kwa makini na kusoma, ndugu wa mutalaa, na laiti kila anayezuru magofu ya Kaole angekuwa msomaji wa namna hiyo. Lakini daktari aliyekuja kwa mkutano wa madaktari hakuja kutalii, naye hula, hulala, hupanda teksi na kununua vinyago kama mwingine. Mgeni huwakusanya wote wawili.

Tatizo lililobaki ni kitendo. Aghalabu husemwa kuwa ofisi hii "hutangaza vivutio", na wengine husema "huunadi mji". Kutangaza ni kweli ila ni nusu ya kazi, na kunadi ni neno la mnada, ambako mwenye mali hupaza sauti na mali huenda na mnunuzi. Ofisi hii haina hoteli, haina ukumbi wala mbuga, na aghalabu katika miji ya Marekani huendeshwa kwa ushuru wa vyumba vya hoteli. Kazi yake ni kujua ni chama gani kitakutana miaka mitatu ijayo, nani katika nchi ni mwanachama wake na anaweza kuusemea mji, ukumbi unachukua watu wangapi, vitanda ni vingapi, na njia ya kutoka uwanja wa ndege ni ya mwendo wa saa ngapi; kisha huandika barua, huwaleta wajumbe wa chama waje kukagua, na hungoja jawabu. Kiserikali barua hiyo huitwa zabuni, nami sishindani na neno hilo, ingawa kwa mwendo wake ni posa hasa: kuna mshenga, kuna kuchunguzana, na kuna kukataliwa kwa adabu.

Watu wa Mrima hawakungoja Detroit kuwafundisha haya. Katika karne ya 19, misafara ya Wanyamwezi iliposhuka na pembe za ndovu, Bagamoyo, Saadani na Pangani zilishindania kuipata, na watu wa matajiri walitoka kuilaki njiani, ili msafara uingie mji wao na usiingie wa jirani. Madiwani wa miji hiyo walijua kuwa heshima na mapato ya mji vimo katika mgeni aliyechagua kufika kwao. Kwa sababu hiyo napendekeza istilahi hii: Ofisi ya Kulaki Makongamano na Wageni.

Afrika Mashariki haina uchache wa kumbi. Nairobi ilifungua jumba la mikutano la Kenyatta mwaka 1973, likapokea mwaka huo huo mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Arusha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, majengo yake hayakuachwa yaote majani bali yaligeuzwa kituo cha mikutano cha kimataifa mwaka uliofuata, na ndimo ilimoketi mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Na Rwanda yenyewe iliunda ofisi ya makongamano mwaka 2014, miaka miwili kabla ya ukumbi mkubwa wa Kigali kufunguliwa, jambo ambalo nalistahi sana, kwa kuwa mlaki alitangulia nyumba.

Nasi wa Kibaha tunayo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere huko Kwa Mfipa, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambako vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika huwaleta vijana wao. Mjumbe wa Maputo au Windhoek anayekaa hapa wiki nzima ana siku moja ya mapumziko, na siku hiyo aghalabu huimaliza akitazama malori ya barabara ya Morogoro, kwa kuwa hapana aliyemwambia kuwa Kisarawe pana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi wenye mapango ya popo, kwamba jirani ya msitu huo ni shule ambako Mwalimu Nyerere alifundisha kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, na kwamba mafundi wa Kizaramo ndio wenye mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti cha unyago wa wasichana. Barua ya kumweleza hayo ingetosha ukurasa mmoja, na mstari wake wa kwanza ungesema ni Kongowe ipi.