GPS Haili Bando

Wasee, kuna kitu tumeamini kwa muda mrefu sana: ati ukivuka mpaka na laini yako ya Kenya ikakosa data, ramani kwa simu imekufa. Ndiyo maana watu wakifika Namanga, hata kabla pasipoti igongwe muhuri, wanatafuta mtu wa kuwauzia laini ya Tanzania. Data ni tamu, sikatai. Lakini kujua mahali ulipo hakutoki kwa kampuni ya simu. Kunatoka angani, kwa setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yako, na ni bure. Na hiyo bure ina historia nzito.

Turudi 1957. Wasovieti wamerusha Sputnik. Wamarekani wawili, William Guier na George Weiffenbach, wakawa wanasikiliza mlio wake wa redio. Wakagundua kwamba mlio unabadilika setilaiti ikikaribia na ikienda mbali, na ukipima mabadiliko hayo unajua iko wapi. Mkubwa wao, Frank McClure, akaligeuza swali: kama tunajua setilaiti iko wapi, si tunaweza kujua sisi tuko wapi? Jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa linataka hilo jibu kwa nyambizi zake. Setilaiti ya kwanza ya GPS yenyewe ilirushwa 1978, bado ikiwa mali ya jeshi.

Halafu ikaja Septemba 1, 1983. Ndege ya abiria ya Korea Kusini, KAL 007, ilikuwa inatoka New York kwenda Seoul kupitia Anchorage. Ikapotea njia, ikaingia anga ya Usovieti, na ndege ya kivita ikaitungua. Watu wote 269 wakafa. Wiki mbili baadaye, serikali ya Rais Ronald Reagan ikatangaza kwamba GPS ikikamilika, raia wa dunia nzima wataruhusiwa kuitumia bila malipo. Hao watu walikufa kwa sababu ndege ilikosa njia. Ukisema GPS ni ya bure, wakumbuke.

Hata hivyo, raia hawakupewa kitu kizima. Mawimbi yao yaliharibiwa makusudi, kifaa kikawa kinaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Meli ikiwa katikati ya bahari, hiyo si shida. Lakini ukitafuta kona Arusha mjini usiku, mita 100 ni barabara ingine kabisa. Mei 2000, Rais Bill Clinton akaamuru huo mchezo ukome. Vifaa vilevile, bila kuguswa na fundi, vikawa sahihi zaidi hadi mara kumi.

Sasa kwa nini haili bando? Kila setilaiti inatangaza mambo mawili: saa ngapi, na iko wapi. Simu yako inasikiliza angalau nne, inapiga hesabu, basi. Haitumi chochote huko juu. Ni kama redio ya matatu: unasikiliza, stesheni haikujui.

Kinachokula bando ni ramani yenyewe. Bila ramani unabaki na kidoti cha buluu kwenye karatasi tupu. Na ramani pia ina watu wake. Mwaka 2004, Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuchora na kuitumia bure. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walizunguka na vifaa vya GPS mkononi, wakachora vichochoro vya mtaa ambao kwa ramani nyingi ulikuwa pengo tu. Programu kama Organic Maps zinatumia ramani hiyo hiyo, na zinakuruhusu kupakua nchi nzima. Google Maps nayo inakuruhusu kupakua eneo.

Kwa hivyo, msafiri, maoni yangu ni haya. Pakua ramani ya nchi unayoenda ukiwa bado nyumbani kwa waifai. Zima data, washa GPS, ujaribu hapo hapo mtaani kama sauti inakuelekeza. Bila data, simu inaweza kuchelewa kidogo kupata setilaiti, so simama nje mahali pa wazi usubiri. Usitarajie ikuambie kuna jam au ajali mbele. Hizo habari zinahitaji intaneti. Beba chaja ya gari. Na kama unaenda hadi Rwanda, kumbuka huko wanaendesha upande wa kulia, na huo si wakati wa kuinamia simu ukitafuta mtandao.

Nunua laini ya huko ukitaka kupigia watu wako. Ya kujua uko wapi, ulishalipiwa kitambo.