Vyuma vya kunasa radi hulindaje majengo?

MNAMO Juni 2011, radi ilipiga darasa la Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, ikawaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Mikasa ya aina hiyo si migeni katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, yakiwemo Kisii na Kakamega nchini Kenya, ambako ngurumo husikika karibu mwaka mzima.

Radi ni mkondo wa umeme unaozuka baina ya wingu na ardhi. Nguvu yake aghalabu hufikia ampea 30,000, na joto lake hukaribia nyuzi 30,000 za Selsiasi. Inapopita katika ukuta wa matofali au nguzo ya mbao, unyevu uliomo hugeuka mvuke ghafla na kuupasua ukuta huo. Paa la nyasi nalo hushika moto papo hapo.

Mmarekani Benjamin Franklin ndiye aliyebuni kinga dhidi ya janga hili katikati ya karne ya 18. Kinga hiyo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni fimbo ya chuma inayosimikwa mahali pa juu kabisa pa jengo. Ya pili ni waya mnene, hasa wa shaba, unaoteremka ukutani bila kupindwa kwa ghafla. Ya tatu ni vyuma vilivyozikwa ardhini, ambako umeme husambaa na kuishia.

Wapo wanaodhani kwamba fimbo hiyo huifukuza radi, na wengine kwamba huiita kutoka mbali. Dhana zote mbili si sahihi. Kazi yake ni kuipokea radi ambayo ingelipiga jengo hata hivyo, kisha kuipa njia nyepesi ya kufika ardhini bila kupitia kuta, nyaya za stima au miili ya watu.

Kwa sababu hiyo, fimbo ambayo waya wake umekatika au kuibwa ni hatari, kwa kuwa umeme ulionaswa huruka na kuingia ndani ya jengo. Paa la mabati lisilounganishwa na ardhi pia halitoshi kuwa kinga. Isitoshe, vyuma vya ardhini huliwa na kutu, hivyo sharti fundi wa umeme aliyehitimu avikague mara kwa mara.

Hata penye kinga kamili, vifaa vya umeme vyaweza kuungua kutokana na mkondo unaopitia nyaya za stima, na ni vyema kuvichomoa kabla mvua ya radi haijaanza. Aliye nje naye ajiepushe na kivuli cha mti, aingie katika jengo imara au gari lililofungwa. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba tahadhari ni kabla ya hatari.