Kujua na kuamini katika dini

Kujua na kuamini katika dini ni mada ya falsafa na teolojia inayohusu tofauti kati ya jambo ambalo mtu analijua na jambo ambalo analiamini, hasa kuhusu Mungu, ufunuo, miujiza na maisha baada ya kifo.

Watu wengi huchukulia kwamba tofauti hiyo ni ya kiasi tu: anayejua ana uhakika mwingi, anayeamini ana uhakika kidogo. Wengi wa wataalamu waliochunguza suala hili, Wakristo kwa Waislamu, hawakuliona hivyo. Mtu anaweza kujua jambo bila kulijali hata kidogo, na anaweza kuamini jambo kwa uthabiti kiasi cha kufa kwa ajili yake. Linalotofautisha zaidi ni njia ambayo jambo limemfikia mtu: ama ameliona au kulithibitisha kwa akili yake mwenyewe, ama amelipokea kwa neno la mwingine anayemtumaini.

Maneno yenyewe

Katika Kiswahili, kujua ni kitenzi cha asili ya Kibantu, na kuamini kimetokana na Kiarabu. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu usalama na kutumainika, na ndio uliozaa pia amani, amana, imani, uaminifu na muumini. Amana ni kitu ulichomwachia mtu akutunzie bila kuwa na wasiwasi naye. Kwa hiyo kumwamini mtu, kwa asili ya neno, ni kujiona salama mikononi mwake. Neno imani lina maana nyingine ambayo wanafunzi huisahau, yaani huruma: mtu katili huitwa mtu asiye na imani.

Sarufi nayo inasaidia. "Naamini kwamba Mungu yupo" na "namwamini Mungu" si sentensi moja. Ya kwanza inataja maoni kuhusu jambo. Ya pili, yenye kiambishi -mw-, inataja uhusiano na nafsi. Vivyo hivyo "najua kwamba rais yupo Dodoma" ni tofauti na "namjua rais". Mabishano mengi kuhusu dini huenda mrama kwa sababu mmoja anazungumzia kuamini kwamba, na mwenzake anazungumzia kumwamini.

Kati ya kujua na kutojua Kiswahili kina ngazi kadhaa, nyingi zikiwa zimetoka katika elimu ya Kiislamu: shaka, dhana, itikadi, yakini, hakika. Kuna pia kusadiki, yaani kukubali kwamba msemaji amesema kweli. Wakatoliki wanaotumia Kiswahili huanza Kanuni ya Imani kwa neno "nasadiki". Hakuna kanuni ya kale ya Kikristo inayoanza kwa kusema "najua".

Wagiriki wa kale

Swali la jumla, bila kuhusisha dini, lilijadiliwa na Plato katika karne ya 4 KK. Katika majadiliano yanayoitwa Meno alitoa mfano wa mtu anayetaka kwenda mji wa Larissa. Mwenye maoni sahihi kuhusu njia atafika sawasawa na yule anayeijua njia. Tofauti ni kwamba maoni, hata yakiwa sahihi, huponyoka kirahisi mtu akitikiswa, lakini ujuzi umefungwa kwa sababu zake.

Katika Uislamu

Shahada, ambayo ni nguzo ya kwanza ya Uislamu, haitumii kitenzi cha kujua wala cha kuamini. Inatumia kitenzi cha kushuhudia, kama anavyofanya mtu aliyesimama mbele ya kadhi. Wanazuoni walijadili kwa karne nyingi nini hasa kinaunda imani: kusadiki kwa moyo, kutamka kwa ulimi, au matendo ya viungo pamoja na hayo. Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 767) hakuyahesabu matendo kuwa sehemu ya imani yenyewe, wengine waliyahesabu. Walijadili pia kama imani ya mtu anayefuata tu walivyosema wazazi na walimu wake inatosha, au kama kila Mwislamu anapaswa kuwa na dalili yake, hata iwe ya kawaida kabisa.

Aliyeyasema mambo haya kwa uwazi zaidi ni Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111). Alikuwa mwalimu mkuu katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, na mwaka 1095 aliacha kazi hiyo na kuondoka mjini. Katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal anaeleza jinsi alivyowahi kuingiwa na shaka iliyomnyima hata msingi wa kuanzia. Macho huiona nyota kuwa na ukubwa wa sarafu, na hesabu huthibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa akili imeyakosoa macho, je, hakuna kitu cha juu zaidi kinachoweza kuikosoa akili? Hakuponywa kwa hoja, anasema, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Al-Ghazali alitenganisha kujua, kuonja na kuamini. Tabibu mgonjwa anajua maana ya afya, sababu zake na dawa zake, lakini kwa wakati huo afya yenyewe hana. Mtu mzima wa mwili anayo, hata kama hawezi kuieleza. Kuonja, kwa al-Ghazali, ni kuwa na jambo lenyewe. Kujua ni kulithibitisha kwa dalili. Na kuamini ni kulikubali kwa kuwadhania mema waliolionja. Kwa mpango huo kuamini kuko chini ya vile viwili, lakini si aibu, kwa kuwa ndiko kunakomfungulia mtu njia.

Wanazuoni wa tasawufi hutumia pia daraja tatu za yakini ambazo majina yake yamo katika Kurani: ilm al-yaqin, ayn al-yaqin na haqq al-yaqin. Hufafanuliwa kwa mfano wa moto. Wa kwanza ameambiwa kwamba kuna moto au ameona moshi. Wa pili ameuona moto wenyewe. Wa tatu umemuunguza.

Mwandamo wa mwezi

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni mwezi wa Ramadhani. Saumu huanza mwezi mwandamo unapoonekana. Jioni ya tarehe 29 Shaabani watu wachache hutazama upande wa magharibi, na katika hao pengine mmoja tu ndiye anayeuona. Huyo anajua. Wengine wote, kuanzia msikiti wa kijijini hadi ofisi ya Mufti wa Zanzibar au ya Kadhi Mkuu wa Kenya, hawajui kwa maana hiyo. Wanaupokea ushahidi wake. Ndiyo sababu sheria haianzi kwa kuuliza kuhusu mwezi. Inauliza kuhusu shahidi: ni mtu mwadilifu? Ana desturi ya kusema kweli? Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuingiza Ramadhani.

Jambo la kuzingatia ni lile linalotokea ushahidi ukikataliwa. Kwa mujibu wa madhehebu hayo, aliyeuona mwezi kwa macho yake analazimika kufunga kesho yake hata kama hakuna aliyemsadiki. Ujuzi wake unamfunga yeye. Hauwafungi wengine mpaka wawe na sababu ya kumwamini.

Hesabu za falaki zimeongeza tatizo la aina nyingine. Mtaalamu anaweza kujua kwa hakika mwezi uko wapi angani saa ya magharibi, lakini hilo halimwambii kama kuna mtu ameuona, na wanaoshika kuonekana kwa macho husema kwamba kuonekana ndiko kulikoagizwa. Wengine hufuata tangazo la mahali popote duniani ulikoonekana. Kwa hiyo hutokea nyumba mbili za mtaa mmoja zikasherehekea Idi siku tofauti. Mzozo huo husemwa kuwa wa imani. Kwa kweli sehemu yake kubwa ni swali la nani anajua nini, na kwa neno la nani.

Katika Ukristo

Biblia inayo mifano ya pande zote mbili. Katika Injili ya Yohana, sura ya 20, mtume Thoma anakataa kusadiki ufufuko mpaka aone na kugusa. Anaoneshwa, lakini heri inatamkwa kwa ajili ya wale wasioona. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unaieleza imani kuwa inahusu yasiyoonekana, kisha unaorodhesha watu, si hoja: Abeli, Noa, Abrahamu na wengineo, waliofanya jambo fulani kwa sababu ya imani.

Thoma wa Akwino (1225–1274) aliiweka imani kati ya ujuzi na maoni. Kwa uthabiti inafanana na ujuzi, kwa sababu anayeamini haachi moyo wake ukiyumba huku na huku. Kwa upande wa kuona inafanana na maoni, kwa sababu jambo lenyewe halionekani wazi kwa akili. Nia ndiyo inayoisukuma akili ikubali. Kutokana na hayo alifundisha kwamba mtu huyohuyo hawezi kujua na kuamini jambo lilelile kwa wakati mmoja. Watu wawili wanaweza: mwanafalsafa aliyethibitisha kwa hoja kwamba Mungu yupo analijua jambo hilo, na mkulima asiye na nafasi ya kufuata hoja hizo analiamini, na ukweli ni uleule. Utatu, kwa upande mwingine, hakuna awezaye kuujua kwa hoja, wote wanauamini. Mtaguso wa kwanza wa Vatikani, mwaka 1870, ulifundisha rasmi kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa mwanga wa akili kutokana na viumbe.

Waprotestanti wa kwanza, hasa Martin Luther, walitilia mkazo upande wa kumtumaini Mungu. Kujua tu kwamba Mungu yupo, walisema, hata mashetani wanajua. Hoja hiyo imo katika Waraka wa Yakobo, ingawa Luther mwenyewe hakuupenda sana waraka huo.

Katika dini za jadi za Afrika

E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu dini ya Wanuer wa Sudan Kusini, aliandika kwamba hakupata katika lugha yao neno la kusimama mahali pa "naamini" kwa maana ya kudai kwamba Mungu yupo. Wanuer husema Mungu yupo kwa maana ya kwamba yuko hapa, na hawalichukulii kuwa suala la ubishi.

Wayoruba wa Nigeria, kinyume chake, hutofautisha kwa ukali. Barry Hallen na J. Olubi Sodipo, katika kitabu chao cha mwaka 1986, walieleza mazungumzo yao na waganga wa Kiyoruba. Waliona kwamba neno la Kiyoruba linalotafsiriwa "kujua" hutumika kwa yale ambayo mtu ameyashuhudia mwenyewe na kuyaelewa. Yaliyosikiwa kwa wengine, hata yakiwa ya kweli, huitwa kwa neno lenye maana ya kukubali uliyoyasikia. Kwa kipimo hicho, karibu yote yanayofundishwa darasani, pamoja na umbali wa jua na tarehe za vita, yako upande wa kuamini.

Katika falsafa ya karne za karibuni

Immanuel Kant, katika dibaji ya toleo la pili la kitabu chake kikuu (1787), alisema ilimbidi kuuwekea ujuzi mipaka ili kuipa imani nafasi. Mwaka 1869 Mwingereza Thomas Huxley alibuni neno lililozaa "agnostiki", kwa ajili ya mtu anayeona kwamba mambo hayo hayajulikani. Agnostiki hujibu swali la kujua. Mkanamungu hujibu swali la kuamini. Na kuna watu wanaosali huku wakikiri kwamba hawajui.

Mwaka 1877 W. K. Clifford alitoa mfano wa mwenye meli aliyekuwa na wasiwasi kuhusu chombo chake kikuukuu, akajituliza kwa kujiambia kwamba kimesafiri salama mara nyingi. Meli ilizama na abiria wake. Clifford alisema mtu huyo alikuwa na hatia ya kuamini bila ushahidi, na angekuwa na hatia hata kama meli ingefika salama. William James alimjibu mwaka 1896 kwamba kuna maamuzi makubwa yasiyongoja ushahidi ukamilike, na kwamba kukataa kuamua nako ni kuamua.

Madai ya kujua

Mwaka 1959 mwanasaikolojia Carl Jung aliulizwa katika mahojiano ya televisheni ya BBC kama anaamini kuna Mungu. Alijibu kwamba hahitaji kuamini, kwa kuwa anajua. Jibu hilo lilizua maswali mengi hata akalazimika kulifafanua kwa barua: alikusudia kwamba anajua kukabiliwa na nguvu fulani ndani yake, si kwamba ana uthibitisho wa Mungu wa dini fulani.

Dai la namna hiyo linapotolewa na kiongozi mwenye wafuasi, uzito wake hubadilika. Mnamo Machi 2000 mamia ya wafuasi wa kundi la kidini waliteketea kanisani huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, baada ya viongozi waliodai kupewa njozi kutangaza kwamba dunia ingeisha mwishoni mwa mwaka 1999. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wengi wao wakiwa watu waliofunga kula hadi kufa wakitumaini kukutana na Yesu. Wafuasi hao waliamini. Aliyedaiwa kujua alikuwa mwingine. Kanuni ya mwandamo wa mwezi, kwamba anayedai kuona huchunguzwa yeye kwanza, haikutumika.

Katika shule

Kenya na Tanzania zina masomo ya dini ya Kikristo na ya Kiislamu yanayotahiniwa kitaifa katika shule za sekondari. Mtihani hupima ujuzi kuhusu dini: safari za Paulo, nguzo za Uislamu, mpangilio wa sura. Mwanafunzi asiyeamini lolote anaweza kupata alama ya juu kabisa, na bibi yake anayesali kila alfajiri bila kujua kusoma huenda asijibu swali hata moja.